Njaa ya Februari ndiyo inayopanga bei ya Juni

Tangu ufuta, dengu, choroko na mbaazi za mikoa ya kati zianze kuingizwa kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati yake, mabishano ya zamani kuhusu ubepari yamerudi Dodoma yakiwa na sura mpya. Ndani ya mabasi ya Kondoa, kwenye vibaraza vya ofisi za kata, hata misibani baada ya watu kula, utakuta pande mbili. Wa kwanza wanasema huu ni ujamaa uliofufuliwa: mkulima analazimishwa kupeleka mzigo kwenye ghala la ushirika, anaambiwa asubiri mnada, anakatwa tozo, na mnunuzi aliyekuwa akimfuata nyumbani na fedha mkononi anafukuzwa kama mwizi. Wa pili wanasema mfumo umekuja kumwokoa mkulima na mabepari, yaani mchuuzi wa pikipiki mwenye ndoo iliyotunishwa kwa moto ili imeze zaidi, anayenunua kwa bei ya kutupa na kwenda kuuza mjini kwa bei anayoitaka. Nimewasikiliza wote kwa misimu kadhaa, na naona wote wameisoma stakabadhi vibaya. Kwa kuisoma vibaya, swali lenyewe la ubepari na maskini limewapita pembeni.

Hoja yangu ni hii: soko humlipa anayeweza kusubiri na humtoza asiyeweza. Maskini wa hapa kwetu anaumia sokoni kwa sababu anafika pale akiwa hana muda. Analazimika kuuza siku ambayo kila mtu anauza, na kununua siku ambayo kila mtu ananunua. Ukimpa muda, soko lilelile linalomkamua linaanza kumfaa. Ukimnyima muda, hata ukiliita soko hilo ushirika, mnada au bei elekezi, ataendelea kukamuliwa. Kwa hiyo anayeuliza kama ubepari unamsaidia maskini au unamdhuru inabidi kwanza aulize maskini huyo anaweza kukaa na gunia lake kwa miezi mingapi.

Nianze na stakabadhi yenyewe, maana ndiko kosa linakoanzia. Hati ya ghala haikubuniwa na wajamaa. Ilikomaa Chicago katikati ya karne ya 19, kwenye mji uliokuwa kitovu cha nafaka za Marekani, ambako soko la bidhaa lilianzishwa mwaka 1848. Mkulima au mfanyabiashara aliweka ngano ghalani, akapewa karatasi inayoeleza kiasi na daraja, na karatasi ile ikawa mali: angeweza kuiuza, na angeweza kuipeleka benki akakopa. Huo ni ubepari wenyewe, tena ule wa ndani kabisa, wa kugeuza kitu kilicholala kuwa dhamana. Sheria yetu ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilifuata wazo hilohilo. Katika maandishi, mkulima wa Chemba anayepeleka ufuta wake ghalani anapaswa kuondoka na hati anayoweza kukopea sehemu ya thamani ya mzigo, akatatua shida za leo, kisha akauza bei ikipanda na kulipa deni. Wazo hilo lina nusu mbili. Ya kwanza ni ghala, mizani na mnada wa wazi. Ya pili ni mkopo, na mkopo ndio unaonunua muda.

Kilichotokea, kuanzia kwenye korosho za Mtwara msimu wa 2007/08 hadi kwenye dengu zetu leo, ni kwamba nusu ya kwanza imejengwa na ya pili imeachwa nyuma. Ghala lipo, AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ipo, mnada unaendeshwa kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, bei zinasomwa hadharani. Lakini kwa mkulima wa magunia mawili, stakabadhi ni risiti ya kusubiria malipo tu. Hakuna benki iliyoweka meza pembeni ya mizani ikamwambia: acha mzigo hapa, chukua hizi za kuanzia, rudi Novemba. Tumechukua chombo kilichotengenezwa kumpa mtu uwezo wa kutouza, tukakifanya njia ya lazima ya kuuzia. Ndiyo maana wale wa upande wa kwanza wanakiona kama ukiritimba, na wa upande wa pili wanashangaa kwa nini mkulima waliyemwokoa anatoroka usiku kwenda kwa mchuuzi.

Mwaka jana mwezi wa sita nilikuwa kwenye kijiji kimoja cha Wilaya ya Kongwa, si mbali na Kibaigwa, ambako lipo lile soko kubwa la mahindi kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro. Mama mmoja alikuwa ametandika turubai mbele ya nyumba, anapima mahindi kwa sado na kumimina kwenye gunia, na kijana wa pikipiki amesimama juu yake anahesabu. Mahindi yalikuwa hata hayajakauka vizuri. Ukiyatia jino yanaacha alama. Gunia lilipojaa, kijana akalitikisa, likashuka, akataka liongezwe. Likaongezwa. Likashonwa lumbesa, kichwa kimetoka juu kama kofia. Alipoondoka nilimuuliza yule mama kwa nini asingoje japo hadi Oktoba, na bei anajua itapanda. Alikuwa anaokota punje zilizodondoka pembezoni mwa turubai, moja moja, na hakuinua macho. "Mwanangu, mimi najua itapanda. Anayenidai ndiye asiyejua." Alikuwa na deni la mwenye trekta aliyemlimia Desemba, deni la dukani la mwezi wa tatu, na mjukuu aliyekuwa ametoka kulazwa.

Jibu lile lina uchumi wote ndani yake. Tuseme, kwa mfano tu wa kurahisisha hesabu, gunia la mahindi ni shilingi 60,000 mwezi Juni na shilingi 110,000 mwezi Februari. Anayeuza magunia mawili Juni anapata 120,000. Februari chakula kikimwishia, kuyapata magunia yaleyale mawili kunamgharimu 220,000. Kwa macho ya kawaida ameuza kisha akanunua. Kihesabu amekopa shilingi 120,000 na kurudisha 220,000 baada ya miezi minane, yaani amelipa riba inayozidi asilimia 80. Tunapiga kelele, na tuna haki ya kupiga kelele, juu ya mikopo ya kausha damu inayowafanya akina mama wa mjini wahame nyumba usiku. Lakini kijijini kausha damu haina ofisi wala fomu. Imejificha ndani ya bei. Mchuuzi ni mkopeshaji aliyevaa nguo za mnunuzi, na ndoo yake iliyotunishwa ni nyongeza juu ya riba.

Mambo haya hayakuanza leo wala hayaishii kwenye mahindi. Wenzetu wa Kagera wanalo neno butura, kuuza kahawa ingali mtini. Kusini wana kangomba, kuuza korosho kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Hapa kwetu nenda mnada wa Msalato Jumamosi ya mwaka wa ukame uone. Mfugaji analeta ng'ombe aliyekonda kwa sababu malisho yamekwisha na mahindi ya chakula lazima yanunuliwe. Wafugaji wengine 100 wamefika kwa sababu hiyohiyo. Bei ya ng'ombe inaanguka siku ileile ambayo bei ya debe imepanda. Kila mmoja ametumia akili, na wote wameumia. Mwenye nyasi zilizobaki na fedha za ziada ndiye anayenunua ng'ombe wale, anawanenepesha, na mvua zikirudi anauza. Hakuiba, wala hakuvunja sheria yoyote. Alikuwa na miezi minne ambayo wengine hawakuwa nayo.

Na ardhi ya mji huu imefuata njia hiyohiyo. Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli, baada ya uamuzi wa makao makuu kukaa kwenye makaratasi tangu 1973, mashamba ya pembezoni yaliyokuwa yakilimwa uwele na karanga yakawa viwanja. Wengi wa waliouza mwanzo waliuza kwa fedha iliyoonekana nyingi kwao siku ile, kwa sababu kulikuwa na mgonjwa, mahari, au deni. Walionunua walikaa miaka michache tu, lami ikafika, Mji wa Serikali ukasimama Mtumba, bei ikaruka. Leo wapo waliouza mashamba wanaofanya ulinzi kwenye nyumba zilizojengwa juu yake. Mtu anayetaka kuulaani ubepari ana ushahidi wa kutosha hapa, na sitamwambia kwamba macho yake yanamdanganya. Ninachomwambia ni kwamba aangalie kwa makini jeraha liko wapi. Kuuza kiwanja si dhuluma. Kuuza kiwanja wiki ambayo mtoto yuko wodini, kwa mnunuzi anayelijua hilo, ndiko kunakogeuza biashara kuwa unyang'anyi wa hiari.

Sasa nizipime hoja kwa haki. Wanaotetea soko wana mambo mazito mikononi, na watu wa rika langu hatuwezi kujifanya tumeyasahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipanga foleni za sabuni, sukari na unga wa njano. Wakulima wa nafaka walikuwa na mnunuzi mmoja wa kisheria, Shirika la Usagishaji la Taifa, bei ilipangwa mbali na shamba, na malipo yaliweza kuchelewa mpaka msimu mwingine ukaingia. Mwaka 1983 wahujumu uchumi walisakwa nyumba kwa nyumba na bidhaa hazikuongezeka madukani kwa sababu hiyo. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 maduka yalijaa. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara, kwa tafiti za mapato na matumizi ya kaya, ulishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 28.2 mwaka 2011/12 na 26.4 mwaka 2017/18. Nje ya hapa, Vietnam ilianza mageuzi yake mwaka huohuo wa 1986 ikiwa inaagiza mchele kutoka nje, na kabla muongo haujaisha ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mchele duniani. Anayesema soko halijawahi kumtoa maskini popote hajasoma historia ya Asia.

Lakini takwimu zilezile ziangalie tena. Kutoka 28.2 hadi 26.4 ni hatua fupi mno kwa miaka sita ambayo uchumi ulikuwa ukikua kwa kasi ya kusifiwa, na kwa kuwa watu tuliongezeka, idadi ya maskini wenyewe ilibaki takriban palepale. Na Vietnam haikufungua tu milango ya soko. Iligawa mashamba ya ushirika kwa kaya, kila nyumba ikawa na uhakika wa shamba lake, na watu wake walikuwa tayari wamesomeshwa na wana zahanati. Waliingia sokoni wakiwa na kitu cha kusimamia. Sisi tulifungua milango mwaka 1986 tukamwambia mkulima wa Bahi aingie na jembe lake, akiwa na mvua moja kwa mwaka isiyofika sana milimita 600, bila ghala, bila bima, bila benki. Mlango ulikuwa wazi kweli. Waliopita kwanza ni waliokuwa na akiba.

Upande wa pili nao una hoja nzito, ingawa mara nyingi wanaibeba kwa mkono usiofaa. Ni kweli kwamba soko likiachwa peke yake halina macho ya kuona njaa. Linaona fedha tu. Ni kweli kwamba utajiri unaozaliwa na biashara ya mazao unabaki kwa wenye magari na maghala. Wanakosea wanapodai kwamba biashara binafsi ndiyo mzazi wa umaskini wa nchi hii kavu, na kwamba ukiiondoa mkulima atapumua. Wazee wa Ugogo walitusimulia Mtunya, njaa kuu ya 1918 hadi 1920. Mvua ziliacha kunyesha, lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita nchi hii yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo kwa ajili ya vita. Kilichozifagia ghala za Wagogo kilikuwa amri ya dola. Baada ya vita vya pili serikali ya chama cha wafanyakazi cha Uingereza ilikuja Kongwa na mradi wa karanga, mwaka 1947, kwa fedha za umma, kwa nia iliyosemwa kuwa njema. Uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, matrekta yakiwa yameshindwa na udongo ambao ukikauka unakuwa kama saruji, jambo ambalo Mgogo yeyote mwenye jembe angewaeleza bure. Na Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, pamoja na mazuri iliyoyaleta ya shule na maji, ilihamisha kaya kutoka mahali zilipojua pa kulima mtama na pa kuficha mifugo wakati wa ukame. Dola imewahi kumnyang'anya maskini muda wake kwa nguvu kuliko mchuuzi yeyote.

Mchuuzi naye nimtendee haki. Barabara ya kijijini ni mbovu, anapita na pikipiki yenye magunia mawili, analipa siku hiyohiyo, na mara nyingi yeye ndiye benki pekee inayofika. Tukimfukuza bila kuweka mtu mwingine wa kufanya kazi yake ya kukopesha, mkulima mwenye mgonjwa haachi kuuza. Anauza saa nne usiku, kwa kijana anayeogopa kizuizi cha barabarani na anayempunja zaidi ili kufidia hatari hiyo. Faini na doria hazijawahi kuondoa haja ya fedha ya leo. Mnada wa wazi una faida ya kweli, sipingi. Mizani inayokaguliwa na wanunuzi wengi wanaoshindana ni kitu ambacho yule mama wa Kongwa hajawahi kukipata. Ila atakifaidi siku ambayo mwenye trekta atakuwa ameshalipwa.

Nimeacha kwa makusudi hoja moja ambayo inapendwa na pande zote mbili, na ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba wakulima wanauza mapema kwa kukosa elimu ya biashara na nidhamu ya fedha. Utaisikia kwenye semina, mkulima amekalishwa kwenye kiti cha plastiki anafundishwa kwamba bei ya Februari ni kubwa kuliko ya Juni. Anaijua. Ameilipa kila mwaka tangu apate akili. Ukitaka kujua bei ya debe kwa kila mwezi wa miaka 10 iliyopita, mwulize mama anayelima vibarua vya kupalilia mwezi wa pili ili apate sado ya unga, na kwa sababu ya kupalilia shamba la mwenzake anachelewa kupalilia lake, mavuno yake yanapungua, na mwezi wa sita deni linamkuta na magunia machache zaidi. Hapo hakuna ujinga wa kutibiwa na semina. Adam Smith, Mskochi ambaye wapenzi wa soko humwita baba yao, aliliona jambo hili mwaka 1776 alipoeleza mvutano wa mabwana na vibarua wao: bwana anaweza kuishi mwaka mmoja au miwili kwa akiba aliyonayo, na vibarua wengi hawamalizi wiki. Kwa hiyo, alisema, si vigumu kutabiri nani atashinda mapatano. Hakusema vibarua wamekosa elimu.

Hoja dhaifu inayofuata ni ile ya kulinda walaji kwa kufunga mipaka. Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje Juni 2017, lengo lilikuwa chakula kisiishe na bei isipande. Lakini Juni ni mwezi wa mkulima maskini kuuza. Marufuku ya Juni inashusha bei anayopokea, na ifikapo Februari anaponunua, mahindi hayo yako kwenye maghala ya wale walioyanunua kwa bei ya marufuku. Kwa hiyo hata huruma ya Serikali, ikikosa kalenda, inamfikia asiyelengwa. Kama kuna mwezi wa kuingilia bei kwa ajili ya maskini wa kanda ya kati, ni ule ambao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula unafungua ghala zake na kuuza, Januari hadi Machi, karibu na watu, kwa kiasi cha debe na si cha lori.

Ukilikubali wazo hili la muda, mambo mengi tunayoyaweka kwenye makabati tofauti yanakaa pamoja. Kuondoa ada kwenye shule za sekondari za kutwa tangu 2016 tulikuita sera ya elimu. Kwa mzazi wa Mpwapwa ilikuwa pia sera ya mazao, kwa sababu gunia ambalo lingeuzwa haraka kulipa ada lilibaki ndani. Ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini inabezwa na baadhi ya watu kama fedha za bure zinazolemaza. Ikifika Mei au Juni badala ya mwezi wowote ule, ingezuia uuzaji wa hasara kuliko doria zote za wachuuzi. Bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023, ina maana kubwa kwa soko la ardhi la Dodoma kuliko bango lolote linaloonya watu wasiuze viwanja, maana ugonjwa ndio dalali mkubwa kuliko wote. Mifuko isiyopitisha hewa inayomuua dumuzi bila dawa ni sehemu ya mjadala huu wa ubepari, kwa sababu dumuzi naye anamlazimisha mtu kuuza kabla ya Septemba. Wanaosema huduma za jamii zinapingana na uchumi wa soko wamelielewa soko kinyume. Hizo ndizo zinazomfikisha maskini kwenye mapatano akiwa amesimama.

Na yapo mambo ambayo hayahitaji kumsubiri waziri. Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vingi ninavyovijua hapa Dodoma huvunja mwezi Desemba, watu wagawane waende sikukuu. Kikundi kimoja cha akina mama huko Kongwa kilibadilisha, kikaamua kuvunja mwishoni mwa Mei. Fedha zinaingia mikononi wiki ambayo mchuuzi naye anaingia kijijini. Walioniambia habari hizo walisema kitu kilichobadilika haraka kuliko vyote ni lugha ya kijana wa pikipiki: alianza kuuliza bei badala ya kuitaja. Hawakuvunja soko wala kulihubiri, na wamebaki kuwa maskini kwa kipimo chochote cha takwimu. Wamejinunulia wiki 10.

Jambo ambalo ni la Serikali na mabenki ni ile nusu ya pili ya stakabadhi. Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa hapahapa Dodoma, na kazi iliyosemwa kwamba imeanzishiwa ni kuwafikia wakulima kupitia vyama vyao. Basi kipimo chake cha kwanza kiwe rahisi. Iweke afisa mmoja na mashine moja kwenye kila ghala lililosajiliwa Kondoa, Chemba na Bahi katika wiki sita za mavuno. Mkulima akipima magunia mawili ya ufuta, apewe palepale, kabla hajapanda bodaboda kurudi kwao, sehemu ya thamani yake kwa riba inayojulikana, na hiari ya kuchagua mnada wa mwezi gani mzigo wake uingie. Wanaosema magunia mawili ni madogo mno kwa benki wana hoja ya gharama, nami naikubali. Ndiyo maana AMCOS ipo, ikusanye hati za watu 40 ziwe mkopo mmoja. Wanaohofia bei kuanguka badala ya kupanda wana haki pia, kwa sababu ufuta na mbaazi zetu zinategemea wanunuzi wa mbali, India ikiwemo, na India ikifunga mlango ghafla mzigo unalala. Kwa hiyo mkopo usizidi nusu ya thamani. Nusu inamtosha mwenye trekta, duka na zahanati.

Halafu ulazima uondolewe. Ghala linalokopesha halihitaji askari barabarani. Yule mama wa Kongwa akipewa mahali pa kuweka gunia lake likae kavu, akapata fedha ya kumlipa anayemdai, hatangoja aambiwe kwamba mchuuzi ni adui. Atamwacha asimame pale kwenye turubai, amsikilize bei yake, na akiona haimfai atakunja turubai lake aingie ndani.